Nitakuja Jana

Mara ya kwanza Mwalimu Jovithe alipoingia kwenye baraza langu la kushonea, alifuta viatu mlangoni mara tatu, akakaa kwenye kigoda, akapekua daftari la hesabu la binti yangu ukurasa kwa ukurasa, akalifunga. Kisha akasema kwa heshima zote, "Sawa, Mama. Nitakuja jana, saa kumi."

Nilikuwa na pini nne mdomoni, sikuweza kujibu. Akatabasamu, akaaga, akapanda baiskeli yake akaenda zake. Binti yangu Khadidja alikuwa ameinamisha kichwa juu ya meza, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nikatoa pini mdomoni nikamwambia aache kucheka, huyo ndiye mwalimu wetu na mwingine hatuna.

Mwalimu wa nyumbani, ankadreri kama tunavyomwita hapa Bujumbura, ni mtu anayekuja kumfundisha mtoto wako yale ambayo shule inaapa kwamba ilishamfundisha. Sikuwahi kudhani nitamhitaji. Mimi ni Adija, fundi wa nguo za wanawake hapa Kamenge, mzaliwa wa Buyenzi, na kwetu mtoto akitaka kujua kitu alimuuliza mkubwa wake. Lakini mwaka uliotangulia Khadidja alikosa mtihani wa taifa wa mwaka wa tisa, ule unaomfungulia mtoto mlango wa lise, yaani sekondari ya juu. Kiingereza alipata nusu nusu, sayansi alipita, hesabu zikamwangusha chali. Shule yake ikakubali arudie mara moja, na mara moja tu. Mkuu wa shule alinieleza hayo nikiwa nimesimama, hata kiti hakunipa.

Mume wangu Shaabani ni fundi wa magari, mtu mwema, ila wema wake una haraka. Wiki ile ile alileta nyumbani mashine ya pili ya kushonea. Eti Khadidja akikosa tena, asikae bure. Nikaipokea, nikaifunika kwa shuka la maua, nikaisukuma kwenye kona. Sioni haya kwa kazi yangu, nimevalisha nusu ya maharusi wa mtaa huu. Lakini mimi nilikaa kwenye mashine kwa sababu shule ilinitema mwaka wa sita, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza nilikuwa nataka nini. Binti yangu nilitaka aulizwe. Kila asubuhi nilipofagia baraza nililikuta lile shuka pale konani, na roho ilikuwa inaniuma kweli.

Aliyeniletea Jovithe ni mteja wangu Elvire, muuguzi, anayekaa Gihosha kule juu. Ana mapacha ambao walikuwa wanaleta sufuri nyumbani kila mwezi, na sasa wanamsahihisha baba yao.

"Mama Khadidja, yule mutu ni dawa," aliniambia. "Ila Kiswahili chake, we vumilia tu."

Jovithe alikuwa na miaka thelathini na minne. Alizaliwa milimani upande wa Ngozi, kwenye nyumba ambayo Kiswahili kilikuwa lugha ya madereva wanaopita barabarani. Alishuka mjini kusoma hesabu chuo kikuu, akapanga chumba hapa Kamenge, na siku moja mtoto wa mwenye nyumba akamwomba amsaidie zoezi moja. Zoezi moja likazaa la pili, jirani akasikia, jirani wa jirani akasikia, na alipomaliza chuo akakuta kwamba kazi anayo tayari. Mchana alipanda Gihosha akiisukuma baiskeli kwa mkono, kwa sababu mlima ule haupandwi ukiwa umekaa. Saa kumi alishuka kwetu kwa kasi, vumbi hadi kwenye nyusi. Mfuko wa shati lake haukukosa chaki. Mashati yake yote yalikuwa na doa jeupe upande wa kushoto, nalijua hilo kwa kuwa yalikuja kwangu kutiwa vifungo, na siku zote yalikuwa yamekosa vile vile viwili vya tumboni.

Na alikuwa na namna yake ya kufundisha ambayo mwanzoni ilinichosha. Hakusema umepata, hakusema umekosa. Ukipata anakuuliza, "Umejuaje?" Ukikosa anakuuliza vilevile, "Umejuaje?" kwa sauti ile ile na uso ule ule. Wiki ya kwanza Khadidja alilia. Wiki ya pili alianza kumbishia, na hapo mwalimu akafurahi kama mtu aliyepikiwa. Sayansi alimfundisha kwa pasi yangu ya makaa, kwa nini chuma kinaunguza na kipini cha mbao hakiunguzi. Kiingereza alimfundisha kwa kumtaka asimulie ninachokishona, kisha nilichokishona, kisha nitakachokishona. Mimi nilikuwa nikikanyaga mashine yangu huku masikio yote yako kwao.

Tatizo lilikuwa jana na kesho. "Jana nitawapa zoezi gumu." "Kesho nilikuwa na homa kidogo, ndiyo maana sikufika." Wateja wangu walikuwa wanakuja mapema makusudi wamsikie. Wakampa jina, Mwalimu Jana, wakamwita hivyo mbele yake, naye akaitika. Niligundua kitu kimoja: akiwa ametulia anasema sawasawa. Akifurahi sana au akiwa na wasiwasi, hapo ndipo jana na kesho zinabadilishana viti.

Khadidja naye alikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa huo ulikuwa kijistari. Namba ikiwekewa alama ya kutoa mbele yake, akili ya mtoto inahama nyumba. Tatu hasi na tatu chanya kwake zilikuwa mtu mmoja, leo kavaa kofia, leo kavua. Miezi inapita, vitabu vinaisha, na kijistari kiko pale pale. Ukifikiri kwamba nusu ya mtihani wa hesabu imejaa vijistari, utaelewa kwa nini nilikuwa nimeacha kulala vizuri.

Zikiwa zimebaki wiki tano, siku ya Ijumaa, simu yangu ikalia na ujumbe. "Mama, masomo jana saa 4. Jovithe."

Nikausoma mara mbili. Alhamisi nilikuwa nyumbani tangu asubuhi hadi jioni, na hakuna mwalimu aliyekanyaga kwangu. Sasa huyu bwana ananiandikia kwamba alifundisha wakati hakufundisha? Mtaniuliza, Adija, si ulikuwa unajua ulimi wake ulivyo? Nilijua. Lakini wiki mbili zile alikuwa amejichunga sana, hata mara moja hakukosea, nikaamini amepona. Na zaidi ya hayo nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika huwa sijui tena nilichokuwa nakijua.

Kwa hiyo sikumjibu. Jumamosi asubuhi nilimchukua Khadidja tukaenda Buyenzi kwenye harusi ya binti wa dada yangu, tukala pilau, tukarudi saa tisa. Jirani akatupokea na habari: Mwalimu alifika saa nne kamili, akakaa kwenye ngazi yetu, akangoja hadi jua la saa sita likamfukuza. Na mlango wangu, mlango wa bluu ambao Shaabani alikuwa ameupaka rangi kwa ajili ya Idi, ulikuwa umeandikwa chaki tangu juu hadi chini. Mazoezi matatu, yenye vijistari kila mahali.

Mtu mwingine angeona aibu. Mimi nilizidi kuwaka. Nilikuwa na deni la msamaha, na hakuna kinachonikasirisha kama hilo.

Jumatatu alipofika nilikuwa nimesimama mlangoni na mkasi mkononi. Elvire alikuwa amekaa ndani akisubiri gauni lake, kwa hiyo na shahidi nilikuwa naye.

"Mwalimu," nikamwambia, "mi nakushukuru kwa yote, lakini tuishie hapa. Umekaa kwenye ngazi yangu kama mutu aliyefukuzwa, mutaa wote umekuona, na kosa si langu. Mutu asiyejua jana na kesho, atamufundisha nini mutoto wangu juu ya nyuma na mbele ya sufuri?"

Elvire akashusha macho. Khadidja akasimama, uso umempauka. Nilimwona na nikajuta papo hapo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Jovithe hakuondoka. Alitia mkono kwenye mfuko wa chaki, akasema polepole, "Mama, rudia hayo ya mwisho."

"Nirudie nini?"

"Nyuma na mbele ya sufuri." Macho yalikuwa yamemtoka. "Mama, nipe dakika kumi na futi yako ya kupimia. Halafu unifukuze. Una futi mbili?"

Futi niliyokuwa nayo ilikuwa shingoni mwangu. Ya pili ilikuwa kwenye droo ya ile mashine ya kona, mpya, haijawahi kukunjuliwa. Sikutaka kuligusa lile shuka. Nilikuwa bado nimesimama na kusitasita wakati Khadidja alipokwenda mwenyewe, akalifunua, akavuta droo, akaitoa futi, akalirudisha shuka mahali pake.

Jovithe alizilaza futi zote mbili kwenye meza yangu ya kukatia, sufuri ikitazamana na sufuri, moja inakwenda kulia, nyingine inakwenda kushoto, akazibana katikati kwa pini.

"Hapa kwenye pini ni leo," alisema. "Leo ni sufuri. Hatua moja kulia, ni siku gani?"

"Kesho," akajibu Khadidja.

"Hatua moja kushoto?"

"Jana."

"Sasa nijibu kwa Kirundi. Huku kulia?"

"Ejo."

"Na huku kushoto?"

Khadidja akaitazama ile futi ya kushoto. Kirundi anakijua, shuleni ndicho wanachopigia kelele. "Ejo," akasema.

"Umejuaje?"

Mtoto akaweka kidole kwenye ile pini, akakipeleka kulia, akakirudisha, akakipeleka kushoto. Nilikuwa sijawahi kumwona akitafuta jibu bila kuwa na hofu. "Kwa sababu zote mbili ziko hatua moja kutoka leo," alisema. "Ejo haisemi upande. Inasema umbali tu." Halafu akainua kichwa. "Mwalimu, hiyo ni valeur absolue. Ni namba iliyovuliwa alama yake."

Hilo neno la Kifaransa nilikuwa nimelisikia kwenye baraza langu mwaka mzima, likizunguka kama inzi, na hakuna aliyewahi kulikamata. Sasa binti yangu alikuwa amelikamata kwa mkono.

"Na Murundi akisema ejo," akauliza Jovithe, "upande anaujuaje?"

"Kwa kitenzi. Naje ejo, nilikuja. Nzoza ejo, nitakuja." Akacheka. "Alama iko kwenye kitenzi."

Ndipo Jovithe akanigeukia mimi. "Mama, sikiliza. Mi kichwani nina neno moja tu, ejo, halafu nalitafutia Kiswahili mbiombio, nachukua lolote lililo karibu. Nikiongea hainitishi, kwa sababu kitenzi kinanisaidia. Lakini kwenye ile meseji sikuandika kitenzi. Mwalimu wa hesabu nimekutumia namba bila alama. Kosa ni langu, unisamehe."

Nilikuwa nimejipanga kuendelea kukasirika, maneno mengine matatu yalikuwa tayari. Yakaisha. Nikamwambia, "Na mi unisamehe kwa ile ngazi," nikasema haraka haraka ili yapite. Elvire akajifanya anatazama vitambaa.

Basi Khadidja akatoka na futi zake hadi kwenye mlango wa bluu, kwa maana mazoezi nilikuwa sijayafuta, hasira ndiyo iliyonifanya niyaache ili Shaabani ayaone. Zoezi la kwanza akalimaliza. La pili akakosea, akaulizwa umejuaje, akarudi kwenye futi, akalirekebisha mwenyewe. La tatu likamkwamisha. Lilikuwa na vijistari viwili vimefuatana, mbili hasi, toa tano hasi. Jovithe alilieleza kwa futi, akalieleza kwa ngazi, akalieleza kwa baiskeli inayorudi nyuma. Mtoto anatikisa kichwa tu.

Mimi nilikuwa nimerudi kwenye kazi yangu, nalifumua gauni la Elvire. Mwezi wa kumi na mbili aliniomba nilipunguze kiuno, na sasa harusi ya shemeji yake imefika na kiuno kimegoma. Nilikuwa nakata uzi mmoja mmoja, na ghafla nikaona nilichokuwa nakifanya.

"Khadidja, kuja hapa," nikamwita. "Hapa mwezi wa kumi na mbili nilitoa sentimita tano. Umeona ule mushono? Sasa hivi natoa nini?"

"Unatoa mushono."

"Natoa kule kutoa. Kiuno kinafanya nini?"

Akalitazama gauni, akamtazama Elvire. "Kinaongezeka."

"Kinaongezeka senti ngapi?"

"Tano."

"Haya, rudi mulangoni."

"Muniongezee basi," akasema Elvire, "musinifanye mufano kwa mutaa muzima."

Tukacheka wote, na yeye zaidi. Khadidja alikuwa ameshaandika jibu, tatu chanya, na chini yake alikuwa amechora kigauni. Jovithe alikuja hadi kwenye mashine yangu, akatoa chaki mfukoni, akanipa.

"Andika, Mama. Ile ya kutoa kutoa. Ni ya kwako."

Chaki naishika kila siku ya Mungu, lakini ni ile bapa ya kuchorea vitambaa. Ile ya mviringo nilikuwa sijaigusa tangu mwaka wa sita. Nikaenda mlangoni, nikaandika vijistari viwili, nikaandika sawa na, nikaandika msalaba mdogo wa kujumlisha. Machozi yalikuwa karibu, nasema ukweli. Shaabani aliporudi jioni akauliza sasa nani amezidi kuuharibu mlango, nikamwambia ni mimi.

Mtihani ukafika. Siku ya hesabu Khadidja alirudi saa nane, akavua viatu, akanywa maji vikombe viwili. Nilikuwa nangoja, nimeshikilia pindo la kitambaa ambalo nilikuwa nimelishona na kulifumua mara tatu. Alisema tu, "Mama, mulango ulikuwemo kwenye mutihani," akaenda kulala.

Kisha majibu yakaanza kutungojesha. Kiangazi kikaingia, vumbi likakaa juu ya kila kitu, hata juu ya shuka la maua, na mimi nikawa nalikung'uta kila siku bila kulifunua. Siku majibu yalipobandikwa shuleni, Khadidja alikataa kwenda. Alikaa chini nyuma ya ile mashine ya kona, magoti kifuani, akasema hatoki hapo mpaka ajue. Jovithe akapanda baiskeli akaenda badala yake. Nilimpigia simu, haikupatikana. Nikapiga tena, haikupatikana. Shaabani aliacha gari la mtu limefunguliwa injini akaja nyumbani, mikono yote oili, akasimama katikati ya baraza kwa kuwa aliogopa kugusa kitu.

Tulimsikia kabla ya kumwona, breki zake zinalia kutoka mbali. Aliitupa baiskeli ukutani. Pumzi hakuwa nayo, shati limetoka kwenye suruali, na safari hii hata viatu hakufuta.

"Mama," akasema. "Mama, jana tutaenda kuchukua karatasi za kuingilia lise."

Niliuona uso wa Shaabani ukianguka. "Jana?" akauliza. "Zilikuwa zinachukuliwa jana? Kwa hiyo tumechelewa, zimekwisha?" Na bila kujua anafanya nini akaweka mkono wake wenye oili juu ya shuka la maua. "Pole, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, kwa upande wa chini, alikokaa binti yetu.

"Baba Khadidja," nikamwambia, "toa mukono kwenye shuka langu. Siku iache, sikiliza kitenzi."

Alinitazama bila kuelewa. Khadidja alikuwa ameshasimama.